Kinanda Kimekwenda Harusini

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, usijali, nakuchukua hapahapa njiani.

Naitwa Polycarp. Nauza masufuria kwa jumla hapa Kariakoo, na jioni naimba besi kwenye kwaya ya parokia. Kinanda cha kwaya nilikimwagia soda mwenyewe, nikijionyesha mbele ya Stella kwamba naweza kupiga kwa mkono mmoja na kunywa kwa mwingine. Kikakohoa, kikanyamaza. Nikawatangazia wanakwaya kwamba nakipeleka sevisi kabla ya jubilei ya parokia. Ukweli ni kwamba nilikipeleka mtaa wa Gerezani kwa fundi Kitwana, naye tangu hapo ananipa jibu moja tu: kesho.

Na hicho si kinanda hivihivi. Alikinunua Mzee Hillary, baba yake Stella, kwa kumkumbuka marehemu mkewe. Mshenga wangu alipokwenda kumgusia habari ya posa, mzee alimkata kauli.

"Jubilei ipite kwanza. Nataka nisikie kinanda cha mama yao kikilia kanisani, halafu ndiyo tutaongea."

Kwa hiyo nilikuwa nasubiri kinanda, na nyuma ya kinanda nilikuwa namsubiri mke.

Wapo walionitumia meseji wakiniita bwege. Kwa nini sikumkunja shati huyo Kitwana? Jamani, nilimkunja, tena mwanzoni kabisa. Nilifoka mpaka koo likanikauka. Kitwana alikitoa kinanda changu mezani, akakipeleka nyuma, chini ya mafeni yaliyokufa, akarudi kuendelea na blenda ya mtu mwingine.

Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi la wateja akanivuta mkono.

"Kaa, kijana. Fundi hafokewi. Ukimfokea, kitu chako kinashuka chini. Na usimuulize lini. Muulize imefikia wapi."

"Shikamoo, mzee. Na wewe yako imefikia wapi?"

"Marahaba. Mimi nina redio. Ilishapona zamani, ila nimezoea benchi."

Huyo ndiye Mzee Muhiddin, na ndiye aliyenifundisha subira. Nikaacha kufoka. Nikawa naenda na chapati na chupa ya chai. Nikayajua majina ya watoto wa Kitwana na homa zao zote. Nikamshikia taa wakati akilehemu. Wateja wapya wakawa wananiuliza mimi kama fundi yupo, na mimi nawajibu, "Katoka kidogo, kaa hapo." Kinanda kikapanda kutoka chini ya mafeni mpaka juu ya meza. Nikajiona nimefuzu.

Sasa sikiliza yaliyonikuta.

Ijumaa niliingia Gerezani na chapati zangu za moto. Jubilei ilikuwa Jumapili.

"Mangi!" Kitwana akaniita kwa furaha. Sisi Wachaga wa maduka wote huku mjini tunaitwa hivyo, hata tusipopenda. "Sasa hivi tu nilikuwa nakutaja."

"Kimefikia wapi, kaka?"

"Kimefikia pazuri."

"Pazuri wapi?"

"Pale pa mwisho. Kimebaki kupumzika tu. Kinanda ukishakilehemu hukiwashi papo hapo, Mangi. Kinalala kwanza."

Nikamtazama Mzee Muhiddin. Akanikonyeza nisibishe.

"Naweza kukiona?"

Kitwana akainua pazia la nyuma. Kile pale juu ya meza, kimefunikwa kitambaa cha zambarau alichokishona marehemu mama yake Stella kwa mkono wake enzi za uhai, na msalaba wa uzi wa dhahabu katikati.

"Usikifunue," akaniwahi. "Vumbi."

Sikukifunua. Nilikipapasa juu ya kitambaa, taratibu, kama mtu anavyompapasa mtoto aliyeamka na homa. Nusura nilie, kweli tena.

"Kesho unakibeba," akasema Kitwana. "Jioni lakini. Mchana sipo, nina kazi ya nje."

Kumbuka hayo maneno, kazi ya nje.

Nilipotoka tu, simu ikaita. Stella.

"Poli, kinanda kipo?"

"Kipo."

"Kipo wapi?"

"Nyumbani kwangu. Nimekifunga chandarua."

Sijui chandarua kilitokea wapi. Uongo wangu una tabia ya kujiongezea vitu ambavyo hakuna aliyeviomba.

"Chandarua? Kinaumwa na mbu?"

"Vumbi," nikasema.

"Haya. Baba anasema kesho atapita dukani kwako mfuatane akakione."

"Kesho mchana sipo, nina kazi ya nje."

Nikajishtukia. Sauti ilikuwa yangu lakini maneno yalikuwa ya Kitwana. Stella akacheka.

"Sawa bwana. Ila ujue, Jumapili kinanda kikija na mimi nakuja. Kisipokuja, mwambie mshenga wako asiumize soli za viatu."

Alikuwa anatania. Lakini namjua Stella, utani wake huja baada ya uamuzi, hauji kabla.

Kazi ya nje nilikuwa nayo kweli. Bi Badriya wa Ilala alikuwa anamwoza mwanawe Zamzam siku hiyo ya Jumamosi, na masufuria makubwa ya pilau yalitoka dukani kwangu. Bi Badriya ndiye mteja wangu mkubwa kuliko wote. Ana duka la vyombo mtaa wa pili kutoka kwangu, na akikohoa tu mimi hukimbia na maji. Nikapakia masufuria ya mwisho kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nikayapeleka mwenyewe.

Mtaa mzima ulikuwa umefungwa turubai. Wanawake wamejaa na sare zao za njano, moshi wa udi umetanda, na muziki unalia kwa spika mbili zilizozidi ukubwa wa mlango. Nikateremka na sufuria kichwani. Nikapiga hatua mbili tatu, nikasimama.

Kuna kitu nilikisikia.

Kinanda chetu kina ugonjwa wake. Sol ya chini ukiibonyeza inalia mara mbili, kama mtu mwenye kigugumizi. Mwalimu wa kwaya amekuwa akiilaani miaka yote. Na ndani ya taarabu ile, kila mpigaji alipoteremka chini, sol inagugumia.

Nikajiambia vinanda vyenye kigugumizi vipo vingi. Nikasogea na sufuria langu kichwani, wanawake wakinipisha na kucheka. Jukwaani kulikuwa na mwanaume mmoja tu, kavaa kanzu nyeupe na miwani myeusi, anapiga kinanda huku kichwa kikiyumba kwa raha. Kinanda kimevishwa khanga. Pembeni, pale khanga ilipokomea, niliuona msalaba mdogo ambao Mzee Hillary aliuchora kwa msumari ili kisiibwe.

Mwanaume akavua miwani kujifuta jasho.

"Kitwana!"

Hakuacha kupiga. "Mangi! Karibu sana. Si unasikia kilivyopona?"

"Uliniambia kimelala!"

"Jana kililala. Leo kimeamka."

"Sasa jana nilipapasa nini?"

Vidole vikamteleza kidogo, akavirudisha. "Ubao wa kupigia pasi. Ila ulikuwa unaupapasa kwa mapenzi, nikaona nisikukatize."

Nikalitua sufuria chini.

"Kimepona lini?"

"Mangi, nani kakufundisha kumuuliza fundi lini? Hapa kinajaribiwa. Kinanda hakijaribiwi gerejini, kinajaribiwa kwenye watu. Buguruni kimejaribiwa, Temeke kimejaribiwa, Magomeni walikilazimisha kurudia. Kote kimefaulu. Nakupa kinanda chenye uzoefu!"

Ndugu msomaji, wakati mimi nakaa benchini na chapati, nikijifunza majina ya watoto wa watu, kinanda cha marehemu mama mkwe wangu mtarajiwa kilikuwa kinazunguka mjini kwenye shughuli. Kilikuwa kinatoka zaidi yangu. Niliwaka hasira mpaka nikasikia masikio yanapiga. Nikauendea waya, nikaushika niuchomoe.

Mkono wenye hina ukanikamata kifundo cha mkono.

"Unafanya nini, Polycarp?"

Bi Badriya. Kavaa dera la dhahabu, na macho yake hayakuwa na utani.

"Bi Badriya, hiki kinanda..."

"Hiki kinanda kina nini? Nimekipata kwa shida, kila shughuli wanakigombania. Mwanangu yuko ndani anapambwa, hatoki bila muziki. Ukiuchomoa huo waya, masufuria yako niliyokuagiza ya mwezi huu kayavae kofia."

Ningemwambiaje? Nikisema ni cha kanisa, taarifa ingefika Kariakoo kabla yangu, maana nusu ya wale wanawake wana maduka jirani na la Mzee Hillary. Nikisema ni changu, nitakuwa nimeongeza uongo juu ya chandarua. Nikauachia waya.

"Nilitaka kuukaza tu. Umelegea."

"Ahsante. Kaa ule pilau."

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikasubiri. Tayari nilikuwa mzoefu wa kusubiri, lakini kusubiri kitu unachokiona kwa macho, kinalia, kinapigwa na mtu uliyempelekea chapati, hiyo ni shule nyingine. Nikajipangia. Zamzam atatoka, muziki utakwisha, nitakibeba kwenye kirikuu moja kwa moja mpaka kanisani. Hakuna atakayejua. Pilau likashuka vizuri. Nikaanza hata kutikisa mguu.

Ndipo simu ya Kitwana ilipoita. Akaipokea kwa bega, anapiga huku anasikiliza, na nikauona uso wake unabadilika.

"Mangi, njoo! Njoo haraka!"

Nikapanda.

"Benchi limesimama," akaninong'oneza.

"Limesimamaje?"

"Wateja wote. Wameambiwa nimeonekana huku. Wamevunja kufuli, kila mtu anachukua chake, na asiyekiona chake anachukua cha mwenzake. Tena anayewaongoza ni Mzee Muhiddin!"

"Mzee Muhiddin wa subira?"

"Huyohuyo! Kaka, shika hapa. Narudi sasa hivi."

Aliruka kutoka jukwaani na kanzu yake kama mbuzi aliyefunguliwa. Nikabaki na mikono juu ya kinanda na wanawake wa Ilala nzima wananitazama. Bi Badriya akasimama, mikono kiunoni.

"Mpigaji anakwenda wapi?"

"Katoka kidogo," nikajibu, kwa mazoea ya benchi.

"Na wewe unajua kupiga?"

Najua nyimbo za Misa. Tena nazijua za mkono wa kulia tu, maana mimi ni wa akiba, mwalimu akiugua. Sikuwa na nyingine kichwani. Nikafumba macho, nikaomba msamaha kimoyomoyo, nikaanza wimbo wa matoleo.

Niliuanza polepole kama kanisani. Wanawake wakakunja nyuso. Nikaogopa, nikakaza mwendo. Wakaanza kutikisa mabega. Nikaubonyeza mdundo wa ngoma ambao mwalimu wa kwaya ametukataza tusiuguse milele, na hapo turubai likapasuka kwa vigelegele. Bibi mmoja mnene akapanda kunitunza, akaibandika noti kwenye kipaji changu cha uso kilichojaa jasho. Akaja mwingine. Sol ya chini ikigugumia, wao wanaigugumizia kwa viuno.

Nitakiri kitu ambacho sijamwambia hata padri. Nilifurahi. Kanisani naimba nyuma kabisa, mahali ambapo hata feni haifiki, na hakuna aliyewahi kugeuka kuniangalia. Pale Ilala nilikuwa mtu. Nikatupa kichwa nyuma kama Kitwana, nikafumba macho, nikauchanganya wimbo wa matoleo na wa komunyo.

Nilipofumbua, Mzee Hillary alikuwa amesimama mbele yangu.

Kavaa koti lake la kijivu, kashika zawadi iliyofungwa karatasi inayong'aa. Nilisahau kitu kimoja cha kijinga kabisa. Mchele wa lile pilau ulitoka kwenye ghala lake. Angekosaje kualikwa?

Vidole vikaganda. Noti moja ikanidondoka usoni, nyingine ikabaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Hakunitazama mimi. Alikitazama kinanda. Akaweka zawadi chini, akaisogeza khanga, akaupitia msalaba wake wa msumari kwa kidole, kwenda na kurudi. Wanawake walikuwa wametulia, wanadhani ni shabiki anayetaka kutunza.

"Polycarp," akasema, "chandarua kiko wapi?"

Nilitamani Kitwana aje anipige na ubao wa pasi nizimie.

"Mzee, mimi nita..."

"Huo wimbo," akanikatiza, na sauti yake ikawa ndogo. "Nani alikufundisha kuupiga hivyo?"

"Hakuna, mzee. Nilikuwa naogopa."

"Mama Stella alikuwa anauimba hivyohivyo jikoni. Haraka haraka, na mwiko mkononi. Mwalimu wa kwaya alikuwa anamgombeza kwamba anauharibu. Tangu afariki sijausikia namna hiyo. Kanisani mnaupiga kama mnazika."

Macho yake yalikuwa yamejaa. Na yangu yakajaa. Nilimwonea huruma mzee yule, na nikajionea haya mimi mwenyewe, na chini ya yote hayo, nikubali tu, tumaini likaanza kuota.

"Piga tena," akasema, akavuta kiti akakaa palepale mbele.

Nikapiga. Sijawahi kupiga vile na sidhani kama nitaweza tena. Hata mkono wa kushoto ulijua njia. Mzee Hillary alianza kwa kutikisa kisigino, kikafuata kichwa, halafu bega moja. Wanawake wakamwona, wakampigia vigelegele. Bi Badriya akamvisha ua la asumini kwenye koti. Mzee wa kanisa, baba mkwe wangu mtarajiwa, akatabasamu mbele ya watu, akainama kuninong'oneza sikioni.

"Kesho jubilei, uupige hivihivi. Halafu jioni mlete mshenga wako nyumbani."

Sikia hapo! Nilikuwa nimeshampata Stella. Ningekufa dakika ile, ningekufa nimeoa.

Ndani wakapaza sauti kwamba bibi harusi anatoka. Shangazi mmoja akapita mbio na shela jeupe na pasi mkononi, analalamika kwamba shela limekunjamana na aibu hiyo hataivumilia. Akatafuta pa kuchomeka. Akaiona soketi ya kinanda changu ina tundu moja lililobaki.

"Mama, hapo hap..." nikaanza.

Akachomeka.

Kulikuwa na mlio mmoja. Spika zikapiga yowe, zikakata. Sol ya chini ikalia peke yake, mara mbili, bila mtu kuigusa. Halafu kutoka chini ya khanga ukatoka moshi mwembamba wa kijivu, na harufu ya waya ulioungua ikaufunika udi wote wa Bi Badriya.

Zamzam akatokea mlangoni kwenye ukimya ule. Hakuna aliyemtazama.

Nikabonyeza do. Nikabonyeza re. Nikabonyeza vyote kwa viganja vyote viwili. Nikatoa simu, nikampigia Kitwana. Haipatikani. Nikampigia tena. Haipatikani.

Mzee Hillary alisimama taratibu. Akalichomoa ua la asumini kwenye koti, akaliweka juu ya kinanda, kama watu wanavyoweka maua mahali ninapopajua na wewe unapajua. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Kumbe ndiyo sevisi yenyewe hii," akasema.

"Mzee, yupo fundi. Ni mzuri. Alishakiponya mara moja."

"Jubilei ni kesho asubuhi, Polycarp. Nataka unitazame usoni uniambie. Huyo fundi wako, kinanda cha mke wangu atakuwa amekitengeneza lini?"

Bi Badriya alikuwa anasubiri jibu. Shangazi na pasi yake alikuwa anasubiri. Hata bibi harusi alikuwa anasubiri. Nikafungua mdomo, nikatafuta neno la kumwambia, na mle ndani hamkuwa na neno lingine lolote ila lile moja la Kitwana.